Mbuzi Ndani ya Gunia

Pale barazani petu Mji wa Kale, Mombasa, baada ya swala ya alasiri huja kahawa chungu na kashata, na baada ya kahawa huja hukumu. Huhukumiwa serikali, huhukumiwa timu za mpira, na tangu mwaka 2021 huhukumiwa gari langu. Gari lenyewe ni dogo, la umeme, lililotembea Japani kabla ya kuja kwetu. Nililinunua kwa sehemu ya malipo yangu ya uzeeni, baada ya kufundisha fizikia kwa miaka mingi, na kwa hiyo wenzangu huona kuwa msiba wangu una utamu wa pekee: mwalimu wa umeme aliyeangushwa na umeme.

Mahakimu wa baraza wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja husema betri ya gari la umeme ni takataka ya bei ghali, ambayo hufa ghafla baada ya miaka michache na kumwachia mwenyewe bati lenye magurudumu. Upande wa pili, ambao aghalabu ni wa vijana na wa wale wanaoyauza magari haya, husema betri haina tatizo lolote, na mwenye kusema vinginevyo ni mzee aliyezoea moshi. Nimewasikiliza wote kwa miaka kadhaa, na leo nataka kusema kwamba wote wamekosea, tena kosa lao ni moja. Wote huizungumza betri kana kwamba ni uganga, yaani kitu cha kuaminiwa au kukataliwa bila kuulizwa. Ilhali betri hupimika. Na maadamu hupimika, yafaa tuulize kwa nini tunauziwa bila kipimo.

Kwanza nieleze yaliyonipata, kwa maana sipendi kumlaumu mtu kwa kisa cha kusikia. Aliyeniuzia simtaji jina, wala chapa ya gari siitaji, kwa kuwa ugomvi wangu si na aliyelitengeneza. Lilikuwa gari la mwaka 2014, limetembea kilomita 38,000 tu, rangi yake inang'aa kama yai lililochemshwa. Muuzaji akanishika mkono akaniambia, "Mzee wangu, hili halina oili, halina plagi, halina fenibelti. Wewe ni kuchaji na kwenda. Kilomita 160 bila wasiwasi." Nikamuuliza kuhusu betri. Akaniwashia gari, akanionyesha dashibodi: mia kwa mia. Nami, mwalimu mzima, nikaridhika.

Nataka msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoingizwa guniani. Mia kwa mia ya nini? Kikombe kikijaa husema kimejaa, na birika likijaa husema limejaa, lakini ukimimina utaona tofauti. Alama ile ya dashibodi hueleza kiasi cha chaji kilichomo ukilinganisha na kinachoweza kuingia leo. Haielezi kiasi kilichoweza kuingia siku gari lilipokuwa jipya. Betri iliyobaki nusu ya uwezo wake nayo hujaa mia kwa mia, tena hujaa upesi zaidi.

Kwa miezi mitatu nilizunguka mjini, Nyali na Likoni, sikuona ila. Kisha ikaja ndoa ya binti wa marehemu ndugu yangu, huko Malindi, na mimi ndimi walii wake. Nikah ilipangwa baada ya alasiri. Kutoka kwetu mpaka Malindi ni takriban kilomita 120, na gari langu nililiambiwa la 160. Nikachaji usiku kucha, nikaondoka saa sita na nusu mchana, mimi na kanzu yangu iliyopigwa pasi. Tulipovuka daraja la Kilifi hesabu ilikuwa imekwisha kuniharibikia. Karibu na Matsangoni gari likapunguza mwendo lenyewe, likawasha taa za manjano, likasimama kando ya barabara chini ya mkorosho. Simu yangu nayo ilikosa mtandao hapo. Nilipofika Malindi kwa matatu, magharibi ilikuwa imekwisha kuswaliwa. Maneno yalikuwa yameanza kwamba ami yake amekataa kuozesha kwa sababu ya mahari. Binti wa watu alikuwa ameketi na mavazi yake ya arusi, macho yamemvimba. Aliponiona akasema tu, "Ami, tulidhani umepatwa na ajali." Nikah ikafungwa usiku ule, na leo wana watoto wawili. Lakini uso ule sijausahau, na ndio unaonifanya niandike kwa ukali.

Gari lilirudishwa Mombasa juu ya lori. Nikampelekea fundi kijana wa Changamwe, ambaye amejifunza magari haya kwa jitihada zake mwenyewe. Akachomeka kifaa kidogo chini ya usukani, akatazama simu yake, akanyamaza.

"Mwalimu," akasema, "betri hii imebaki asilimia 61. Na kuna seli chache zinazowahi kuanguka kabla ya wenzake."

"Jambo hili lingeweza kujulikana lini?"

"Siku ile ile ya kununua, Mwalimu. Ni kazi ya dakika tano."

Nikarudi kwa muuzaji na karatasi zangu. Tukaisoma pamoja ile ya ukaguzi iliyokuja na gari. Breki zimeandikwa, taa zimeandikwa, matairi, kilomita, hata mikwaruzo ya mlango wa nyuma. Kuhusu betri, ambayo ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya gari lile, haukuwapo mstari hata mmoja. Nikamwonyesha. Akanijibu bila haya, "Mzee wangu, mtumba ni mtumba." La hasha. Shati la mtumba hulikunjua, ukalielekeza juani, ukaona matundu. Mimi niliuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Sasa niwajibu wale wa upande wa kwanza, wanaosema kisa changu ni ushahidi kwamba betri hizi hazifai. Betri yangu haikufa ghafla. Ilikuwa ikichakaa taratibu kwa miaka saba, kwa sababu zinazojulikana. Ndani ya kila seli mna pande mbili zilizotengwa na utando mwembamba, na chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja hadi wa pili gari linapochajiwa, kisha hurudi linapokwenda. Kila safari, chembe chache hunaswa njiani katika ukoko unaojijenga taratibu, wala hazirudi tena kazini. Joto huuharakisha ukoko huo. Kadhalika huuharakisha mazoea ya kuliacha gari likiwa limejaa chaji siku nyingi bila kutumiwa. Tena seli hupangwa kwa mfuatano, katika magari mengi vikundi 96 au karibu na hapo, na kompyuta inayozilinda hulisimamisha gari mara tu kikundi kilicho dhaifu kuliko vyote kinapoishiwa, hata kama vingine bado vina kitu. Ndiyo maana ya ile kauli ya fundi. Katika msafara wa mamba na kenge wamo, na katika betri kenge ndiye anayeamua msafara usimame wapi.

Ushahidi wa hayo hauko Matsangoni peke yake. Mwaka 2012 wenye magari ya Nissan Leaf katika mji wa Phoenix, Arizona, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40, waliona betri zao zinapoteza uwezo mapema mno. Betri ya gari lile haikuwa na maji ya kuipoza. Ilitegemea hewa tu. Wenye magari hawakukaa barazani kulaani umeme. Walikusanya magari yao, wakayapima barabarani, wakaandika matokeo, wakaenda mahakamani. Kufikia mwisho wa mwaka ule kampuni ilitangaza dhamana mpya kwa wanunuzi wa Marekani: betri ikishuka chini ya vipande 9 kati ya 12 vya kipimo chake ndani ya miaka 5 au maili 60,000, itatengenezwa au kubadilishwa. Na magari ya mwaka 2015 yakaja na betri iliyoundwa kustahimili joto zaidi. Udhaifu ulipopimwa ukawa na jina, na ulipopata jina ukapata dawa.

Au tazama jambo zito zaidi, la moto. Mwezi wa Agosti 2021 kampuni ya General Motors ilipanua wito wake wa kuyarudisha magari ya Chevrolet Bolt mpaka yakawa yote, takriban 142,000, kwa sababu baadhi yalikuwa yameshika moto. Wenye magari waliambiwa wasiyalaze ndani ya banda la nyumba. Chanzo kilipotafutwa kikapatikana: kasoro mbili za kiwandani zilizokutana katika seli moja, kipande cha chuma kilichochanika na ule utando wa katikati uliojikunja. Gharama ilikadiriwa kuwa dola bilioni 2, na kampuni ya LG iliyotengeneza seli ikakubali kubeba sehemu kubwa. Sisemi kwamba jambo lile lilikuwa dogo. Nasema kwamba lilifuatiliwa mpaka kwenye seli, kwa kuwa kumbukumbu za kila betri zilikuwapo na sheria ililazimisha zifunguliwe. Wangapi kati yetu tumeona injini ya dizeli iliyouawa na mafuta machafu ikifuatiliwa hivyo? Sisi wenyewe hufanya overholi, tukalipa, tukanyamaza, wala hatusemi injini zote ni takataka.

Niwageukie wa upande wa pili, ambao kwangu ndio wenye dhambi kubwa, kwa sababu wanajua. Ninyi mnaosema "betri haina tatizo" mnauza kwa vipimo viwili vya zamani, mwaka na kilomita. Vipimo hivyo vilitosha kidogo kwa injini. Kwa betri vinaweza kudanganya kabisa. Chukua magari mawili ya mwaka mmoja na kilomita sawasawa. La kwanza limeishi kwenye baridi ya Hokkaido, likichajiwa polepole nyumbani na kutumiwa kila siku. La pili limeishi kwenye joto la Okinawa, likachajiwa kwa kasi mara kwa mara, kisha likakaa yadi miezi kadhaa likiwa limejaa. Kwa karatasi zenu ni mapacha. Kwa barabara ya Malindi moja litafika na jingine litalala njiani. Tena yule wa kilomita chache, anayesifiwa kwa mnunuzi kama bikira, huenda ndiye aliyechoka zaidi, maana betri huzeeka hata ikiwa imelala.

Hapa serikali nayo ina lake la kujibu. Sheria ya Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi umri wa miaka 8 kuingia nchini. Kanuni hiyo ina hekima kwa moshi na kwa breki. Lakini kwa betri ni sawa na kupima afya ya mtu kwa kutazama cheti chake cha kuzaliwa. Huliruhusu gari la miaka 7 lenye betri iliyokwisha, na hulizuia la miaka 9 lenye betri nzima. Na sisi wa pwani tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa jicho kali. Mombasa haifiki joto la Phoenix, lakini usiku wake haupoi vya kutosha, na betri iliyofika ikiwa nusu mfu haitapona hapa.

Kuna watu ambao hawajaingia katika ugomvi huu hata kidogo, nao ni madereva wa bodaboda za umeme. Kigali tangu mwaka 2019 kampuni ya Ampersand hubadilisha betri: dereva huingia kituoni na iliyokwisha, hutoka na iliyojaa, na betri ni mali ya kampuni. Nairobi tangu mwaka 2022 kampuni ya BasiGo huwapa wenye mabasi njia ya kununua gari bila betri, kisha kuilipia betri kwa kila kilomita. Sisemi kwamba kampuni hizo ni za malaika. Lakini angalia hasara iko kwa nani. Betri ikichoka, anayeumia ni yule yule mwenye vipimo vyake, na kwa hiyo huichunga, huipoza na kuiondoa kazini kwa wakati. Kwa sisi wanunuzi wa mitumba mambo yamepinduliwa: anayejua amekwisha kulipwa na kwenda zake, asiyejua ndiye anayebeba. Kifaa kile kile kikiwa mkononi mwa anayejua huaminika, na kikiwa mkononi mwa asiyejua huitwa kibovu.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na sioni lililo zito.

La kwanza, gari lolote la umeme la mtumba lisiuzwe bila cheti cha kipimo cha betri, chenye uwezo uliobaki kwa uniti, si kwa maneno, na tofauti iliyopo baina ya seli. Si jambo la ndoto. Mwaka 2022 jukwaa la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia kanuni za magari lilipitisha kiwango cha kwamba betri ya gari dogo la umeme ibaki na asilimia 80 baada ya miaka 5 au kilomita 100,000, na asilimia 70 baada ya miaka 8 au kilomita 160,000. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria ya mwaka 2023, umepanga kwamba kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme zinazoingizwa sokoni ziwe na pasipoti yake yenye kumbukumbu zake. Kama betri ya Ulaya itasafiri na pasipoti, ya Kilindini kwa nini ije kama mkimbizi?

La pili, muuzaji afungwe na cheti hicho. Akisema asilimia 85 na ikapimwa 61, arudishe fedha. Kauli ya "mtumba ni mtumba" ikome kuwa sheria ya biashara.

La tatu, watengenezaji wawafungulie mafundi wetu mlango. Betri nyingi za miaka ya mwanzo zimepangwa kwa vipande, na kipande kibovu huweza kutolewa kikawekwa kizima. Lakini baadhi ya betri za siku hizi zimegandishwa kwa gundi kiasi kwamba kenge mmoja humlazimu mtu autupe msafara mzima. Fundi wa Changamwe asiwe mwizi wa siri za gari ambalo mwenyewe amekwisha kulilipia.

Najua nitajibiwa kwamba kompyuta hudanganywa. Ni kweli. Katika baadhi ya magari ya miaka ya mwanzo, mtu mjanja huweza kuifanya kompyuta isahau iliyojifunza, ikaionyesha betri kwa muda kama mpya. Lakini mama zetu hawakuhitaji kompyuta kujua ukubwa wa mtungi: walihesabu kata. Endesha gari mpaka liishe kabisa, lichaji mpaka lijae, na mita ya umeme ukutani isome uniti zilizoingia. Umeme kidogo hupotea njiani kwa joto, lakini betri iliyoundwa kwa uniti 24 ikimeza 16 na kushiba, hakuna mjanja atakayekuambia ni nzima. Nitajibiwa pia kwamba vipimo vitapandisha bei. Vitapandisha bei ya magari mazima na kushusha ya mabovu, na hilo ndilo soko la haki.

Gari langu ninalo mpaka leo. Sikuliuza, kwa kuwa nisingeweza kuliuza bila kusema ukweli, na nilipousema ukweli hakutokea mnunuzi. Fundi alibadilisha vile vipande vichache vibovu, likapata nafuu kidogo. Nalizungusha mjini kila siku, sokoni na msikitini, wala halijanilaza njiani tena, kwa sababu sasa najua kipimo chake na silitumi lisikoweza kufika. Malindi huenda kwa matatu.

Juma lililopita kijana mmoja wa baraza, ambaye anataka kununua la kwake, aliniuliza ateremke bandarini akatazame nini kwanza, rangi au kilomita. Nikamwambia aende na fundi, na muuzaji akikataa fundi asichomeke kifaa chake, ainuke, aage vizuri, aondoke. Wazee wa baraza wakacheka, wakasema Mwalimu bado anafundisha. Nafundisha ndiyo. Ada ya somo hili niliilipa mwenyewe, na sipendi mwingine ailipe tena.